Mbolea ya ruzuku: uzoefu wangu wa misimu mitatu Njoro

Ninalima mahindi na maharagwe kwenye ekari tatu huko Njoro, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, na nimenunua mbolea ya ruzuku kwa misimu mitatu mfululizo. Ninamwandikia hasa mkulima ambaye bado hajajiandikisha, na yule aliyejiandikisha kisha akakata tamaa.

Nianze na bei, kwa sababu ndiyo iliyonivuta. Serikali ilipozindua mpango huu Septemba 2022, mfuko wa kilo 50 uliokuwa umefika takriban shilingi 6,500 uliteremshwa hadi 3,500, na mwaka uliofuata ukashuka tena hadi 2,500. Kwangu nafuu hiyo ilionekana shambani: ekari ya tatu, ambayo nilikuwa nimeiachia ng'ombe kwa kukosa mbolea, ilirudi kupandwa mahindi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unaandikishwa kwa kitambulisho, nambari ya simu na ukubwa wa shamba, kisha unapokea ujumbe wa vocha unaokuonyesha kiasi unachoruhusiwa kununua, unalipa kwa simu na kuchukua mzigo wako kituoni. Sikuombwa hongo hata mara moja, na hilo nalisema kwa shukrani.

Tatizo langu lilikuwa tarakimu moja tu. Karani aliyeniandikisha aliandika ekari moja badala ya tatu, nami sikujua mpaka nilipofika dirishani katika msimu wa pili. "Mama, kwa ekari moja mtambo unaniruhusu kukupa mifuko miwili pekee," kijana wa zamu aliniambia kwa upole, akanielekeza nirudi nilikoandikishwa. Marekebisho yalichukua karibu wiki tatu, na katikati ya wiki hizo mvua ya masika ikaanza.

Asiyelima anaweza kudhani kwamba mbolea ikichelewa unaiweka baadaye, na hapo ndipo penye hasara yote. Fosforasi, kirutubisho kilicho katika mbolea ya kupandia, haitembei udongoni kama kirutubisho kingine, nitrojeni. Lazima iwe shimoni pamoja na mbegu, karibu na mizizi michanga, kwa hiyo ukiinyunyiza juu mahindi yakiwa yamekwisha kuota umepoteza sehemu kubwa ya fedha zako. Ekari moja nilipanda kwa mifuko ile miwili, ya pili kwa mbolea niliyonunua dukani kwa bei kamili, na ya tatu kwa samadi peke yake. Baada ya mwezi mmoja majani ya ekari ile ya tatu yaligeuka zambarau pembeni, dalili ya kukosa fosforasi, na nilipovuna nilipata chini ya nusu ya nilichopata katika ekari ya kwanza. Mifuko iliyobaki niliruhusiwa kuinunua wakati mahindi yalikuwa yananifika magotini, nikaihifadhi hadi mwaka uliofuata.

Usafiri nao usiusahau katika hesabu. Nilipokwenda peke yangu, gharama ya gari ilimeza sehemu ya nafuu. Tulipokodi pikapu majirani saba, kila mmoja alilipa kidogo sana. Naamini kila mzigo unaosogezwa hadi kwenye chama cha ushirika kilicho karibu una faida zaidi kwa mkulima mdogo kuliko kushusha bei kwa shilingi mia zaidi.

Jambo jingine: usishikilie DAP, mbolea ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi, kwa mazoea. Ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali udongoni, na kwangu, baada ya kupima udongo, NPK, yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu, imefanya vizuri zaidi.

Nitaendelea kununua, ila sasa siusubiri ujumbe nikiwa nimekaa. Msimu huu nilikwenda Januari kuthibitisha kwamba jina langu limeandikiwa ekari tatu, na mvua ya kwanza iliponyesha mifuko sita ilikuwa ghalani tayari, imepangwa juu ya mbao, mbali na ukuta.