Nyama ya ng'ombe au nyama ya mimea?

Ng'ombe ana uwezo ambao kiwanda hakina: hugeuza majani ya nyika kavu, pasipoota mahindi wala maharage, kuwa chakula chenye protini kamili, madini ya chuma na vitamini B12. Lakini tumbo lake hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani, na sehemu kubwa ya msitu uliofyekwa Amazon imegeuzwa malisho.

Nyama ya mimea, yaani chakula cha mimea kinachoiga nyama, kama ya Beyond Meat, kampuni iliyoanzishwa 2009, hutegemea protini ya njegere; wengine hutumia soya. Ardhi inayohitajika ni ndogo mno, na nyama hiyo haina kolesteroli. Chumvi mara nyingi ni nyingi, na B12 sharti iongezwe.

Kwangu, ng'ombe anayenenepeshwa kwa nafaka ndiye anayestahili kupisha mimea. Mfugaji wa nyikani aachiwe mifugo yake.