Mtambo Ndani ya Kinanda: Tathmini ya Ala ya Sauti za Viwandani

Ala hii ya kidijitali, iliyoundwa kwa sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye mitambo ya viwandani, hupakiwa kwenye kompyuta na kupigwa kwa kinanda cha MIDI, yaani kinanda kinachoituma kompyuta maelekezo ya noti, kama ala nyingine za aina yake, ila mahali pa nyuzi na filimbi utakuta mashine za kukereza chuma, kompresa za hewa, mikanda ya kusafirishia mizigo, transfoma na nyundo kubwa za kufulia vyuma. Nimeitumia kwa majuma matatu kutunga muziki wa filamu fupi, na imenivutia zaidi pale inapoiacha mashine ibaki kuwa mashine.

Chukua mota. Ukibonyeza kitufe cha kinanda, husikii mngurumo uliokwisha kukolea, bali kwanza swichi inalia, kisha mota inajikokota, inashika kasi, na sauti inapanda pamoja nayo hadi itulie. Ukiachia kitufe, sauti haikatiki. Inafifia kwa takriban sekunde nne, huku beringi ikikwaruza kidogo katika kila mzunguko, mpaka kimya kiingie. Ni katika kuwaka na kuzima huku ndipo msikilizaji anapoupima uzito wa chuma kinachozunguka, nami nilijikuta nikiongeza nafasi tupu katika utunzi wangu ili tu mota ipate kumaliza pumzi yake.

Jambo la pili linahusu urari wa noti. Transfoma inayotumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde hunguruma kwa mitetemo 100 kwa sekunde, na noti ya kinanda iliyo karibu zaidi ni G yenye mitetemo 98, hivyo mngurumo huo uko juu ya noti kwa takriban theluthi moja ya nusu toni, yaani ya umbali kati ya vitufe viwili vya kinanda vinavyofuatana. Watengenezaji wameweka kitufe cha kuuvuta mngurumo huo ulingane na noti, nao wamekiacha kikiwa kimezimwa. Naunga mkono uamuzi huo kwa dhati. Nilipokiwasha, transfoma ilikaa vizuri pamoja na selo, ile ala ya nyuzi yenye sauti nzito, lakini ule msuguano mdogo uliokuwa ukitia wasiwasi katika tukio langu la usiku ulitoweka kabisa.

Nyundo nazo zimerekodiwa kwa uangalifu, kwa kuwa pigo dogo ni pigo dogo kweli, si pigo kubwa lililopunguzwa sauti, na ukirudia kitufe kilekile hupati mlio uleule mara mbili mfululizo.

Mkanda wa mizigo ndio ulionisikitisha. Mwaka 1948, mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer alipotunga muziki kwa sauti za treni alizozirekodi Paris, alifanya kazi kwa sahani za santuri, na alipotaka sauti ijirudie aliifungia katika mfereji mmoja wa sahani, hivyo kile kishindo cha kurudi mwanzo kikawa sehemu ya mdundo wake. Hapa hakuna sababu ya namna hiyo: sauti ya mkanda inajirudia yenyewe, na kila inaporudi mwanzo husikika mchomo mdogo usiofungamana na mdundo wowote. Kwa spika unaweza kuupuuza. Kwa visikizi vya masikioni unaudhi. Vilevile, kompresa imerekodiwa kwa noti chache mno, hivyo noti nyingine hupatikana kwa kupandisha au kushusha rekodi hizo, na kwa kuwa kupandisha rekodi oktavo moja, yaani hadi noti ya jina lilelile iliyo juu yake, huifanya iende kwa kasi maradufu, pumzi yake nzito inageuka kuwa mfoko wa birika.

Kwa mtunzi wa muziki wa filamu, michezo ya kuigiza au dansi, naipendekeza bila kusita. Anayetafuta ala ya kupigia melodia atachoka nayo mapema. Utakapoifungua mara ya kwanza, zima mwangwi unaowashwa pamoja na kila sauti, maana umemwagwa kwa wingi hadi unaufunika mkwaruzo wa ile beringi.