Pampu ya HP moja iliyonifikia ikiwa nusu

Bado nina hasira, na nimeamua kuandika nikiwa nayo. Nikisubiri ipoe nitasema basi, yameisha, na yule kaka ataendelea kuwafanyia wengine alichonifanyia mimi.

Nina kitalu cha miche Mkonze, hapa Dodoma. Nauza miche ya zabibu, mipapai, miarobaini na miti ya kivuli, viriba kama 1,200 kwa wakati mmoja. Maji ya bomba kwangu ni ya mgao, yanatoka zaidi usiku. Nayakinga kwenye tanki la chini, asubuhi nayapandisha kwa pampu mpaka kwenye simtanki lililo juu ya mnara, kutoka pale ndiyo yanashuka kitaluni. Pampu ikifa kila kitu kimesimama. Na pampu yangu ya zamani ilikufa kiangazi kilichopita, kipindi cha upepo, Agosti au Septemba, katikati hapo. Mwenyeji wa Dodoma anaujua upepo ule. Kiriba unakiloweka asubuhi, saa nane mchana ukikibonyeza kimekauka kama tofali, na jani la mpapai limeshalala.

Mjini nilipita madukani. Pampu zilikuwepo, bei ikanishinda. Nikaingia kwenye soko la mtandaoni, nikamkuta muuzaji wa Dar ana picha safi, video ya maji yanaruka, na wateja chini wanamshukuru. HP 1, yaani mota ya nguvu ya farasi moja, waya wa shaba tupu, dhamana mwaka mmoja, 185,000. Nikamwandikia, akajibu papo hapo. Shikamoo mama, karibu mama, tupo Kariakoo mama, mzigo unatoka leo leo. Kwa haki nimseme vizuri hapa: kabla hajaipata hela yangu, alikuwa kijana mwenye adabu kuliko wote niliowahi kufanya nao biashara.

Akaniambia nikilipia ndani ya soko lenyewe wanamkata, kwa hiyo nimtumie moja kwa moja kwenye simu, atanipunguzia elfu kumi. Nikatuma 175,000. Jina lililotokea halikuwa la duka, lilikuwa la mtu. Nililiona, nikabonyeza namba ya siri hivyo hivyo. Hilo ni kosa langu na sitalificha, kwa sababu ndilo lililonifunga mikono baadaye. Sikudai risiti pia. Miaka yote TRA, watu wa kodi, wanatuimbia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na mimi nimepokea kikaratasi cha kalamu kilichoandikwa "pampu 1" basi.

Mzigo ukaja kwa basi, nauli yake 12,000 juu yangu. Nikaufuata stendi ya Nanenane. Kijana wa ofisi ya mizigo akaniambia, "Mama, fungulia hapa hapa uangalie. Ukishasaini ukatoka, mimi sina la kukusaidia." Jua la saa saba, bodaboda yangu nje inapiga honi, na boksi limeandikwa 1HP kwa maandishi makubwa. Nikasaini. Yule kijana simjui jina, lakini katika safari nzima ya pampu hii ndiye mtu wa kwanza aliyenijali bila kutaka kitu kwangu.

Tukaifunga jioni ile ile. Maji yalipanda, siwezi kusema hayakupanda. Lakini simtanki la lita 1,000 ambalo pampu ya zamani ililijaza kwa nusu saa, hii mpya saa nzima imepita halijafika katikati, na mota imechemka huwezi kuweka kiganja. Nikasema labda ni mpya, inajifunza. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu asubuhi nikasikia harufu ya waya unaoungua, ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

Nikaibeba mpaka Majengo kwa fundi wangu wa siku nyingi. Hakuifungua kwanza. Aliigeuza akaangalia kibao cha ubavuni, akasogeza uso karibu, akaniambia, "Mama, njoo uone." Kile nilichodhani ni kibao kilikuwa stika ya rangi ya fedha. Kona moja ya chini ilikuwa imeinuka kwa joto la mota, imejikunja kama ganda la kidonda kinachopona. Fundi akaishika kwa ukucha akaivuta taratibu, ikatoka nzima na gundi yake. Juu ya stika: 750W, 1HP. Chini ya stika, kwenye kibao cha kiwandani kilichogongwa kwenye bati: 370W, 0.5HP.

Nilikaa chini. Kweli nilikaa, kwenye ndoo ya rangi iliyokuwa pale kwake.

Kisha akafungua mota. Waya ndani ni mwekundu wa kung'aa, nikasema angalau shaba ni shaba. Akachukua wembe akaukwaruza mara mbili. Mwekundu ukatoka kama rangi ya kucha, ndani mweupe. Ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Shaba yenyewe, akaniambia, ungeikwaruza mpaka uchoke, ni nyekundu mpaka moyoni. Aluminiamu ya unene ule ule inapitisha umeme kwa shida zaidi, kwa hiyo inachemka, na pampu inayosukuma maji saa nzima mfululizo bila kupumzika haifiki mbali. Kwa hiyo sikuletewa pampu mbovu kwa bahati mbaya. Kuna mtu alikaa mahali, akachapa stika, akaikata kwa saizi ya kibao, akaibandika juu ya ukweli akaipapasa isiwe na kipovu.

Nikapiga picha zote, nikamtumia muuzaji. Kimya mpaka jioni. Nikampigia. Akasema ni umeme wetu wa Dodoma, unapanda na kushuka. Nikamwambia umeme haubandiki stika. Akasema basi nimeiwasha bila maji. Nikamweleza kwamba kila ninapowasha najaza maji kwanza, na valvu ya chini ni mpya. Akakata simu. Halafu ndipo akanitumia ujumbe wa sauti, sekunde tisa. Nimeusikiliza mara nyingi mno, naujua kwa moyo: "Mama wewe hizi mashine huzijui, unanipotezea muda. Mpe simu baba watoto niongee naye, mwanaume mwenzangu atanielewa."

Sekunde tisa hizo ndizo zilizonifanya niandike leo. Stika ni wizi, na wizi tumeuzoea. Lakini hili? Pampu ya zamani nimebadilisha sili, ile ya kuzuia maji yasivuje, mimi mwenyewe mara tatu. Impela, kile kigurudumu cha ndani kinachosukuma maji, nimeitoa nikaisafisha mchanga kwa mikono hii. Mume wangu ni mwalimu, mtu mwema sana, na hata swichi ya pampu iko wapi hana uhakika. Nilipomwekea ule ujumbe aliusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu anataka kuongea na mtu asiyejua." Ndivyo ilivyo. Hakuwa anatafuta mtu wa kumwelewa. Alitaka mtu atakayemkubalia.

Wiki ile vijana wawili walinipandishia maji kwa ndoo, na nikawalipa. Mipapai mingine ilikauka hata hivyo, na mteja wangu wa Ihumwa aliyekuwa ameagiza miche sitini akaenda kununua kwingine.

Nikapeleka malalamiko kwenye soko lenyewe la mtandaoni. Likaja jibu la kupangwa: tumepokea, tunashughulikia, namba yako ni hii. Baada ya siku kadhaa wakasema malipo hayakupita kwao, hawana kumbukumbu ya ununuzi, wanasikitika. Nilikasirika nao pia, ila nikitulia nawaelewa. Hela sikuwapa wao. Ningelipia humo ndani ningekuwa na pa kushikia, na elfu kumi niliyopunguziwa ndiyo iliyoniweka nje ya mlango.

Mwanangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Akakaa na simu usiku mmoja, akaniletea vitu viwili. Kwanza, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake. Pili, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayomtaka anayeuza mtandaoni aweke wazi jina lake kamili, mahali alipo na mawasiliano yake. Na kwamba mlaji aliyepotoshwa anaweza kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Nikaandika ujumbe mmoja mrefu, bila tusi hata moja, nikaweka picha ya stika, picha ya kibao, picha ya waya uliokwaruzwa, na sheria zote mbili. Nikaomba moja tu: HP 1 ya shaba kama ulivyotangaza, au hela yangu.

Akajibu maneno matatu. "Mzigo ukitoka haurudi."

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi Dar. Nikampa namba na ile video ya tangazo. Kumbe "tupo Kariakoo" ilikuwa Gerezani, ghorofa ya pili, chumba kisicho na bango. Aliijua kwa vigae vya sakafu vilivyoonekana kwenye video. Pampu nikairudisha kwa basi, 12,000 nyingine, akaipokea akaingia nayo kwapani mbele ya wateja wengine. Anasema hakupandisha sauti. Aliiweka mezani, akaweka stika pembeni yake, akauliza mwenye duka ni nani. Mtu mzima mmoja akatoka chumba cha nyuma, akaangalia, akamwambia yule kijana, "Mpe nyingine." Yakaisha kwa dakika tano. Mimi nilikuwa nimebembeleza karibu wiki tatu.

Nyingine ikaja, nauli 12,000 tena. Safari hii niliifungulia pale pale dirishani Nanenane, kijana yule yule wa mizigo akanishikia boksi. Nilipitisha ukucha kwenye kila pembe ya kibao. Fundi aliifungua akaikwaruza, shaba. Tukaifunga.

Sasa nifanyeje, maana ni lazima niseme ukweli: ni pampu nzuri sana. Simtanki linajaa nusu saa na dakika chache, mota inapata uvuguvugu tu, haina kelele, jirani yangu hajui hata kama nimewasha. Inafanya kazi mpaka leo na haijawahi kunisumbua. Kwa bei ile, huku mjini nisingeipata. Ukiniuliza kuhusu pampu, nunua. Ukiniuliza kama kununua mtandaoni ni ujinga, nitakujibu hapana, nimeshanunua drip za kumwagilia na mbegu kwa wauzaji wengine, vikaja kama vilivyo. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kumpa nyota tatu, kwa sababu mwisho wa siku kitu nilichokitaka ninacho.

Lakini juzi amenitumia ujumbe. Yule yule kijana. "Shikamoo mama, tunaomba utuwekee nyota tano na maoni mazuri, Mungu akubariki." Shikamoo imerudi. Nikapanda juu kidogo kwenye mazungumzo yetu, zile sekunde tisa bado zipo, hajazifuta, na hajawahi kuzitaja. Wala mwenye duka hajawahi kuzitaja. Hakuna aliyeniambia pole kwa miche wala kwa ile stika, na nauli ya kurudisha pampu ya uongo pamoja na nauli ya kuletewa ya kweli nimelipa mimi.

Naweka nyota moja. Siku atakayonirudishia 24,000 za basi na kunipigia yeye mwenyewe, aongee na mimi na si na baba watoto, nitarudi kubadilisha. Namba yangu anayo.