Kamera ni nzuri, lile duka ndilo sitaki kulisikia

Kamera ya Pentax K-70 naipa alama za juu. Duka lililoniuzia lenzi ya zamani, hapa hapa Mombasa mjini, halipati kwangu hata moja, na nawaeleza kwa nini kwa sababu bado nimekereka.

Mimi napiga picha za kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi. Ukumbi mzima wanawake peke yao, mpiga picha lazima awe mwanamke, na bibi harusi akiingia taa hupunguzwa. Ndiyo maana niliitaka Pentax. Mtikisiko wa mkono inautuliza kwenye sensa yenyewe, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, si ndani ya lenzi kama kamera za DSLR za Canon na Nikon, kwa hivyo hata lenzi kuukuu ya kulenga kwa kuzungusha kwa mkono inatulizwa. Nikachukua Pentax-M ya 50mm.

Sasa lenzi hizo hazina njia ya kuongea na kamera. Ukiwasha, kamera inakuuliza lenzi ni ya milimita ngapi, yaani inavuta karibu kiasi gani, na lazima iambiwe ukweli: mkono ukitikisika kiasi kile kile, picha ya lenzi ndefu huhama zaidi kuliko ya lenzi fupi, na sensa husogezwa kwa kufuata namba hiyo. Yule muuzaji alikuwa amejaribu kwanza lenzi ya 135. Alipofunga yangu ya 50, skrini ikaleta 135 ile ile. Nikamuuliza. Hata macho hakuinua: "Bonyeza OK tu dadangu, hiyo haina kazi."

Haina kazi! Kupamba kulikofuata, mkono wa bibi harusi, piko imechorwa nyembamba kama uzi, kila mstari umetoka miwili. Mama yake akaniuliza, "Mwanangu, mbona mkono wa binti yangu una ukungu?" Nilikosa la kumjibu.

Nikarudi dukani. Pole sikupewa. Niliambiwa mbele ya wateja kwamba mikono yangu inatetemeka na kamera kubwa si za wanawake. Kisha wakageuza, eti sensa ni chafu, wakaisafisha na kunitoza elfu mbili. Jamani, sensa chafu huacha madoa, haizai mistari miwili!

Nyumbani nikazima kutuliza mtikisiko, picha ikawa afadhali kuliko kukiwa kumewashwa. Hapo nikaelewa: kwa ile 135, sensa ilikuwa inasukumwa karibu mara tatu ya inavyohitajika, kamera inaitikisa picha yenyewe. Nikaweka 50. Ikatulia papo hapo.

Nikampigia yule muuzaji simu. Akasema niweke 75, kwa kuwa sensa ya K-70 ni ndogo, eti nizidishe kwa 1.5. Si kweli hata kidogo! Namba ni ile iliyoandikwa kwenye lenzi, basi. Na wenye lenzi za Pentax-A msijidanganye: zile huipa kamera habari za apacha, lile tundu la kupitisha mwanga, lakini milimita hazisemi, mtaulizwa vilevile. Zuma za zamani, zile lenzi za kuvuta karibu na mbali, ndizo balaa kabisa, kwani ukivuta milimita zinabadilika na kamera haina habari.

Na nikizidi kufikiria, Pentax nao wana lao. Kwa nini namba ya lenzi ya jana ibaki pale ikingoja kubonyezwa? Vigelegele vimeanza, bibi harusi yuko mlangoni, nani atasimama kusoma skrini? Nilisema alama za juu, nazipunguza. Anayebadilisha lenzi za zamani kila mara asiinunue.

Lakini juzi nimepiga mkono mwingine wenye piko, umelazwa juu ya mto, kwa sehemu moja ya nane ya sekunde, bila flashi wala traipodi, na mistari inahesabika mmoja mmoja. Aa, inunueni tu. Lenzi tafuteni kwingine. Na zile elfu mbili za kusafisha sensa nazitaka. Nimeshakwenda kuzidai, na nitakwenda tena.