Kilomita chache, breki zimechoka: uzoefu wangu na SUV ya familia

Gari tulilinunua mwaka jana kwenye yadi moja ya hapa Dar es Salaam. SUV ya viti saba, kilomita 6,000 na ushee, lilikuwa gari la maonyesho la yadi yenyewe, na waranti ilikuwa bado inaishi. Jina la gari na la yadi sitaji, maana mimi na wao bado tunaandikiana barua. Ila yaliyonikuta nayasema yote, kwa sababu naona watu wengi wanakimbilia magari ya aina hii wakidhani wamekwepa matatizo ya mtumba.

Mazuri yake yapo. Injini inavuta vizuri hata tukijaa saba na mizigo juu, AC inafika mpaka viti vya mwisho, na mama mkwe, pamoja na magoti yake, anapanda bila kushikwa mkono. Mafuta barabara kuu halili. Foleni ya Mwenge ni habari nyingine.

Shida ilianza na mtetemo mdogo kila nikikanyaga breki. Haukuwa kwenye usukani, ulikuwa kwenye kiti. Fundi akaja kuniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo dalili: mtetemo wa usukani mara nyingi ni diski za mbele, wa kiti ni za nyuma. Mjini unaweza kuuvumilia. Mteremko wa Kitonga huwezi.

Tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Dar, tumeshaipita Ilula. Wanaoijua Kitonga wanajua: kona juu ya kona, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na mbele yako malori yanayotoka Tunduma yanatambaa. Nilikuwa nimeshusha gia, breki naigusa tu kwenye kona. Katikati ya mteremko pedali ikaanza kulegea. Nakanyaga, inazama kuliko kawaida, halafu ndipo gari linashika, huku kiti kinatetemeka. Harufu ikaingia ndani mpaka mwanangu mkubwa akauliza nani anachoma plastiki. Nikajibanza nyuma ya lori moja, nikaenda kwa mwendo wake hadi Ruaha Mbuyuni, tukasimama kwenye wauza vitunguu. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linatoa joto hata kiganja husogezi. La kulia lilikuwa vuguvugu tu.

Yadi wakanipokea vizuri, chai na maji ya baridi. Wakachomeka kompyuta, ikasema hakuna kosa. "Mama, gari za kisasa breki zake ndivyo zilivyo, utazoea tu." Nimeendesha gari miaka mingi, na nilichokitaka ni mtu wa kuvua tairi. Kompyuta inasoma nyaya na sensa. Pini ya kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ikiganda haina waya.

Nikalipeleka kwa fundi wangu Ilala. Alivua tairi la nyuma kushoto, akaniita nione mwenyewe. Juu ya diski palikuwa na alama ya pedi imechapika, umbo lake kamili na kingo zake, ya rangi ya kahawia, na pembeni yake vishimo vya kutu vinavyokwaruza ukucha. Pini za kalipa zilikuwa kavu, moja ilitoka kwa nyundo. Yaani pedi ilikuwa haiachii diski, inasugua safari nzima. Kisha akachovya kwenye mafuta ya breki kile kifaa chake cha kupima unyevu, kinachofanana na kalamu. Taa nyekundu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, gari litembee lisitembee. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango cha chini kinachotakiwa ni 155 tu. Diski ikipata moto mteremkoni mafuta yanachemka, panatokea mvuke, na mvuke unabinyika. Ndiyo ile pedali kuzama. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 au 3, kilomita ziwe chache kiasi gani.

Sasa gari hili lilikuwa na umri gani? Kadi inasema limesajiliwa 2023. Fundi akavuta mkanda wa usalama mpaka mwisho, kwenye lebo chini kabisa: 2021. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, zikaungana na mkanda. Kwa hiyo lilisimama muda mrefu mahali fulani, hendibreki ya umeme imeshika, hewa ya chumvi ya pwani inafanya kazi yake. Kilomita 6,000 nilizozifurahia zilikuwa ni hesabu ya uzembe wa mtu, si ya upya wa gari.

La pili lilinitisha zaidi. Kati ya Mlandizi na Chalinze, mwendo wa 80, kwenye kona lori linakuja upande wake wa barabara bila kosa lolote. Dashibodi ikawaka nyekundu, ikapiga kelele, mkanda ukanibana, na gari likajifungia breki lenyewe. Nyuma yangu kulikuwa na basi la mkoani. Dereva yule Mungu ambariki, alitoka nje ya lami na honi yake yote. Likarudia siku nyingine karibu na Mikumi, barabara tupu kabisa. Mfumo huo wa breki za dharura, unaotazama mbele kwa rada na kufunga breki wenyewe, unaweza kuuzima kwenye skrini, lakini ukiwasha gari tena nao umejiwasha.

Kumbe wakati wa kununua yadi walitupa zawadi ya ngao ya mabomba mbele, na bomba moja linapita pale pale mbele ya rada. Kompyuta haikulalamika hata siku moja, kwa sababu rada ilikuwa inafanya kazi, tatizo ni kile ilichokiona. Mnaosema "kompyuta ikisema safi basi safi" mkumbuke Februari 2010: Toyota iliyaita yarudi gereji magari yake ya hybrid (ya petroli na umeme) yapatayo 437,000 duniani, Prius zikiwamo, kurekebisha programu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, baada ya madereva kulalamika breki zinapotea kidogo kwenye barabara mbovu.

Waranti? Walisema pedi na diski ni vitu vya kuisha, haviingii. Nikawajibu kwa barua kwamba kuisha kwa kutumika ni kitu kimoja, na kuoza yadini ni kingine, nikaambatanisha picha ya lebo ya mkanda na nakala nikaipeleka Tume ya Ushindani. Lugha ikabadilika. Kalipa, mafuta na kuipima rada upya wakalipa wao, diski tukagawana nusu kwa nusu. Nusu yangu ndiyo bado naidai.

Tangu hapo gari linashika vizuri na halijajifungia tena. Kitonga tumeshaishuka, pedali ngumu. Ukienda kuangalia gari la aina hii, vuta mkanda usome mwaka kabla hujaangalia kilomita, uliza mafuta ya breki yamebadilishwa lini na uoneshwe risiti, halafu chungulia diski za nyuma kupitia rimu. Wakikukataza kuvua tairi moja, aga uondoke.

Nyota tatu kwa gari, moja kwa yadi. Ngao iko nyuma ya nyumba, kama kuna mtu ana gari la zamani lisilo na rada tutaelewana bei.