Historiae ya Tacitus: kitabu kisichotimia, mwaka uliotimia

Anayetaka kuona Warumi walivyosimulia kupinduana kwao aanze na Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ila ajue hanunui kazi kamili. Historiae ilifika hadi mwaka 96 BK. Kilichosalia ni vitabu vinne na kipande cha cha tano, kinachokatika ghafla kwenye habari za mwaka 70, hotuba ikiendelea. Bahati ni kwamba mwaka 69, wenye makaisari wanne waliopokezana (Galba, Otho, Vitellius na Vespasian), umebaki mzima.

Utamu wake uko kwenye hesabu. Januari 15 Otho alipopokewa kuwa Kaisari, walimshangilia askari 23 tu. Galba, aliyekuwa madarakani na aliyewanyima walinzi wa Kaisari fedha walizoahidiwa kwa jina lake, aliuawa siku hiyohiyo. Baadaye Vitellius alikuta maombi zaidi ya 120 ya watu waliodai tuzo kwa kazi ya siku ile, akaamuru wasakwe na kuuawa wote. Si kwa kumlilia Galba, Tacitus anaongeza. Watawala ndivyo wanavyojikinga.

Wengi hukwama kitabu cha kwanza, na si kosa lao. Sura ya 4 hadi 11 ni msururu wa majina na majimbo. Kisha majeshi ya mto Rhine, yaliyoasi tangu Januari 1 na kumwinua Vitellius, yanasimuliwa kwa kirefu kuanzia sura ya 51, Galba ameshakufa. Usipoangalia tarehe utadhani Vitellius aliinuka kumpinga Otho, kumbe alianza kwa kumpinga Galba. Soma sura ya 1 hadi 3, ruka hadi 51–60, halafu rudi ya 4. Chukua toleo lenye ramani ya bonde la mto Po, maana kwenye mapigano ya Bedriacum, kaskazini mwa Italia, mwandishi hana habari na umbali wala njia.

Kitabu cha tatu ndicho kinacholipa bei: mji wa Cremona ukiporwa siku nne, na raia wa Roma wakitazama askari wakiuana mitaani kama wako kwenye michezo, mabafu na vilabu vya pombe vikiwa wazi.

Je, anapendelea? Anakiri mapema kwamba cheo chake kilianzia kwa Vespasian, aliyeshinda mwishoni, lakini hawaachii waandishi waliodai kwamba waliomsaliti Vitellius walifanya hivyo kwa kupenda amani.

Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya makaisari, ni mwepesi zaidi, ila anamgawa kila Kaisari kivyake na mfuatano wa matukio unapotea. Mtumie kwa Otho: baba yake Suetonius alipigana upande wa Otho, katika lejioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) ya 13.