Bima ya nyumba au upatu, maji yakishaingia ndani?

Kwa mwenye nyumba bondeni, tuseme Mwanakwerekwe kule Unguja, masika hayana mzaha. Maji yakitoka, simenti na mafundi vinatakiwa na mtaa mzima kwa wakati mmoja. Hapo ndipo upatu unapokwama: wanaokuchangia nao wamefurikiwa. Uzuri wake, fedha huja mkononi bila fomu wala mkaguzi.

Bima hukusanya michango ya watu wa mbali, kwa hiyo mfuko haukauki kwa mafuriko ya mtaa mmoja. Lakini uisome! Bima ya moto peke yake huenda isiguse mafuriko; mara nyingi huongezwa kwa malipo. Wala usipunguze thamani ili ulipe kidogo: nyumba ya milioni 40 ukiikatia bima ya milioni 20, kwa hasara ya milioni 6 kwa kawaida utahesabiwa milioni 3, maana umekatia nusu tu ya thamani, tena kabla ya kukatwa sehemu unayoibeba mwenyewe. Baada ya maafa makubwa, ada nayo hupanda. Mwenye wasiwasi na riba aulizie takafuli, yaani bima ya kuchangiana kwa taratibu za Kiislamu.

Mimi ningekata bima ya jengo, upatu niuachie magodoro na vyombo. Mpangaji je? Ukuta si wake. Upatu wamtosha, na ahamie mwinukoni mapema, kodi za huko zikiwa bado hazijapanda.